Pindua Kiti Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Samani za Karne Iliyopita

Wasomaji wetu, ahsanteni kwa barua na picha. Tuna ombi moja kabla hatujaanza. Karibu kila picha iliyotufikia imepigwa kutoka mbele, kiti kimesimama kama bwana harusi. Tupigieni picha ya chini. Huko ndiko kwenye skrubu, chapa, alama za msumeno na gundi iliyomwagika. Mbele mara nyingi mnatuonyesha vanishi tu.

Shikamoo mhariri. Nimenunua viti vinne vya mbao kwa mzee aliyekuwa akikaa nyumba za reli, Nsambya. Chini ya kikalio kuna herufi nyeupe E.A.R. & H. na namba. Fundi anataka kuvipiga msasa wa mashine kisha avipulizie vanishi ya kung'aa. Nimruhusu? (Msomaji, Kabalagala)

Marahaba. Usimruhusu, na kama ameshaanza kimoja, vitatu vilivyobaki virudishe nyumbani leo.

Herufi hizo ni za East African Railways and Harbours, shirika lililozaliwa 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Kabla ya hapo waliandika K.U.R. & H. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, ndiyo maana vifaa vya baadaye vina E.A.R. peke yake, na Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na reli yake. Kwa hiyo chapa yako imekupa kipindi cha miaka ishirini na moja bila kulipia mtaalamu. Ila kumbuka kwamba chapa ya bohari husema kiti kilihesabiwa lini, haisemi kiliundwa lini. Ukiona chapa mbili, moja imefifia chini ya nyingine, hiyo ni bahati. Kiti kilihama mikono na ushahidi umebaki.

Mashine tunaikataa kwa sababu rangi ile ya kahawia iliyokolea, ambayo mbao imeipata kwa mwanga na mikono ya watu kwa zaidi ya nusu karne, imekaa kwenye unene mdogo kuliko ukucha. Msasa huiondoa kwa dakika tano na haina dawa ya kuirudisha. Kingo za mikono ya kiti nazo hupoteza umbo alilolikata seremala kwa randa. Kisha vanishi nene ya kupuliza hujaa kwenye viungo, na siku kiungo kikilegea hutaweza kukifungua bila kuvunja.

Jua kwanza mbao imepakwa nini. Chukua pamba kwenye kijiti, ilowanishe kwa spiriti ya kuchomea, iweke upande wa ndani wa mguu kwa sekunde thelathini. Pakilainika na pamba ikitoka na rangi, hiyo ni shelaki, polishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Pasipolainika, jaribu thina mahali pengine pa kujificha. Ikiyeyuka ni laka ya selulosi. Ikigoma kote, ni vanishi ya kisasa na pengine kiti kimeshafanyiwa kazi. Viti vya ofisi vya miaka ya 1950 mara nyingi hukutwa na shelaki au laka, na hivyo ukiambiwa "tutavipangusa kwa spiriti viwe safi" ujue vinavuliwa nguo.

Usafi wenyewe ni rahisi. Vumbi liondoe kwa brashi laini. Halafu kitambaa kilichokamuliwa sana kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, na kitambaa kikavu kufuata papo hapo. Uchafu wa mafuta ya mikono ukibaki, tumia terafini na sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, namba 0000, ukienda na uzi wa mbao. Mwisho ni nta. Gramu 100 za nta ya nyuki kwa mililita 300 za terafini. Nta iyeyushe ndani ya kopo lililokaa kwenye maji moto, utoe kopo, utoke nje mbali na jiko la mkaa, ndipo umimine terafini ukikoroga. Terafini hushika moto kwa mvuke wake, hata kabla ya kuchemka. Paka nyembamba, acha saa moja, sugua kwa kitambaa cha pamba. Mpako mnene hunata na kukusanya vumbi la barabarani, na watu hulaumu nta.

Kabati letu la droo nne, babu alilinunua Jinja miaka ya 1970. Muuzaji mmoja anasema ni la Denmark, mbao ya msaji. Ndani ya droo kuna maandishi ya penseli kama Kigujarati. Nitajuaje? (Msomaji, Jinja)

Seremala wa Copenhagen aliyeandika vipimo vyake kwa Kigujarati bado hatujamsikia.

Denmark haioti msaji. Viwanda vyake viliuagiza kutoka Asia, Thailand na Burma hasa. Hapa kwetu, kabla ya 1972, karakana nyingi za samani za Kampala na Jinja zilikuwa za mafundi wenye asili ya India, na mbao iliyokuwa karibu ni mvule. Wazungu wengine waliuita mvule "msaji wa Afrika", na kuanzia hapo watu wamechanganyikiwa mpaka leo.

Toa droo ya chini kabisa, ipindue, utafute mbao isiyopakwa kitu. Kwangua sentimita moja kwa wembe. Mvule ulio mbichi kwa ndani ni wa njano ya dhahabu na hukolea ukikaa kwenye mwanga. Matundu yake yamezungukwa na vistari vyeupe vilivyotawanyika bila mpangilio, na uzi wake hupishana, kiasi kwamba ukigeuza ubao kwenye mwanga mistari inabadilishana giza na nuru. Mara nyingine utakuta kipande cheupe kigumu kama chokaa ndani ya mbao. Hilo ni jiwe la mvule, linalong'oa meno ya msumeno, na mafundi wa Ndeeba wanalijua kwa hasara. Msaji ni tofauti. Una mafuta unayoyasikia kwenye vidole, una harufu ya ngozi ukikwanguliwa, na matundu yake yamejipanga kwa duara za ukuaji. Tone la maji hukaa juu yake kama kwenye jani la mgomba.

Tazama pia unene. Makabati ya Denmark ya miaka ya 1950 na 1960 kwa sehemu kubwa ni vinia ya msaji, chini ya milimita moja, juu ya ubao wa ndani, na mbao kamili hutumika kwenye miguu na kingo. Kama mbavu za kabati lako ni ubao mmoja kamili toka nje hadi ndani, na ni zito la kuhitaji watu watatu, elekea kwenye mvule wa hapa.

Sasa ile penseli. Usiifute. Namba za Kigujarati zilizoandikwa ndani ya droo mara nyingi ni vipimo vya inchi. Pima upana wa droo kwa futi ya zamani, kisha mtafute anayesoma Kigujarati. Vikilingana, unajua angalau kabati liliundwa kwenye karakana ya watu gani. Kama ni jina la familia, lipige picha na uliweke. Waasia waliofukuzwa Uganda 1972 walipewa siku tisini, wengi waliacha nyumba na vilivyomo, na wajukuu wao huwa wanarudi kuuliza.

Kwa thamani, msikilize muuzaji kwa sikio moja. Kabati la vinia la Denmark limetengenezwa kwa maelfu. Lako huenda halina pacha.

Nauziwa kiti cha Eames cha kulalia na kistuli chake, "orijino". Nikague nini? (Msomaji, Kololo)

Wabunifu Charles na Ray Eames walikitoa 1956, na kampuni ya Herman Miller ya Marekani inakitengeneza hadi leo. Hesabu miguu. Kiti kina nyota ya miguu mitano, kistuli minne. Nakala nyingi zina minne kote. Kaa, ujaribu kukilaza nyuma kwa kishikio. Kikilala, si chenyewe, kwa maana cha kweli kimeinamishwa tangu kiwandani na kinazunguka tu. Zunguka nyuma utazame magamba ya plaiwudi. Skrubu zinazotokeza kwenye uso wa nje wa mbao ni dalili mbaya, kwani cha kweli hushikwa na vipande vya mpira vilivyogandishwa kwa ndani. Hesabu matabaka kwenye ukingo. Vya zamani vina matano, vya sasa saba. Mito hubandikwa na kubanduka, na gamba moja haliwezi kuwa na mto ulioshonewa moja kwa moja.

Ile mipira ya ndani hukauka. Kiti cha miaka ya 1960 ambacho hakijawahi kubadilishwa mpira kinaweza kumtupa mtu mzima chali, mgongo ukibanduka na kipande cha plaiwudi. Usikae kwa kishindo kwenye duka la watu.

Na kama ni cha zamani kweli chenye mbao ya rosewood ya Brazili, kununua hapa na kukaa nacho ni jambo moja, kukivusha mpaka ni jingine. Mti huo, Dalbergia nigra, uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992.

Marehemu baba alituachia kiti cha kukunja cha ngozi na fimbo nane za mbao, cha Mzungu wa mashamba ya chai. Kinacheza kikikaliwa. Seremala kaweka gundi kwenye kiungo kimoja, akaniambia nilete vilivyobaki. (Msomaji, Fort Portal)

Pole kwa msiba, na msimamishe seremala.

Kiti hicho kinatakiwa kucheza. Asili yake ni kiti cha maafisa wa jeshi la Kiingereza kilichopewa jina la mji wa Roorkee, India. Ndimi zake zimechongwa kuwa nyembamba mbele, zinaingia kwenye matundu yaliyochongwa vivyo hivyo, bila gundi wala msumari. Uzito wa mkaaji ndio unaokaza viungo, na ardhi isipokuwa sawa kila mguu unatafuta mahali pake. Ukigandisha, nguvu haina pa kwenda. Mguu hupasuka kwenye tundu, kwa kawaida ule wa nyuma.

Mbunifu Kaare Klint wa Denmark alikiona kiti cha namna hii na 1933 akatoa Safari Chair yake kwa kanuni hiyohiyo. Hivyo kabla hujakiita cha jeshi, kagua kama kina chapa ya karakana ya Rud. Rasmussen. Ikiwapo, tuandikie tena upesi.

Kiungo kilichogandishwa kifungue kwa kitambaa chenye siki ya uvuguvugu, ukizungushie kwa saa kadhaa, kama gundi ni ile nyeupe. Usipige nyundo. Ngozi iliyokauka isipakwe mafuta ya kula, huoza na kunuka. Mikanda ya ngozi ikikatika, kata mipya ya unene uleule, na ya zamani uifungie kwenye bahasha.

Kochi langu la mikono ya mbao, la Uingereza, lilikuwa na mikanda ya mpira chini ya mto. Imekatika. Fundi kaweka vipande vya tyubu ya gari, miezi mitatu kochi limekuwa kitanda cha kamba. (Msomaji, Entebbe)

Tyubu ni nzuri kwa kufungia mzigo wa pikipiki. Kwenye kochi inashindwa kwa sababu ni mpira mtupu. Ikivutwa siku nzima inarefuka na hairudi. Mikanda iliyokuja na kochi lako, ambayo wengi huiita Pirelli kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, ni mpira uliofungiwa kati ya tabaka mbili za uzi uliosukwa kwa mshazari. Uzi ndio unaoiambia ikome wapi. Nayo hufa kwa umri, inakuwa ngumu, kisha unakuta unga mweusi sakafuni.

Nunua mikanda ya samani ya upana wa sentimita 5. Pima toka mfereji wa mbele hadi wa nyuma. Kama ni sentimita 55, kata mkanda wa 50 pamoja na vibanio vyake vya chuma, ili ukivutwa mahali pake umerefuka kwa asilimia kumi. Pungufu ya hapo utabonyea. Ukizidisha, fito ya mbele inapinda kuelekea ndani na viungo vya pembeni vinafunguka, na tumeona makochi yaliyoharibiwa hivyo na watu waliodhani kukaza ndiyo ufundi. Kikalio cha upana wa sentimita 50 kinataka mikanda saba, nafasi ya sentimita mbili na nusu kati yake. Vibanio vya zamani usivitupe. Fungua kwa bisibisi pana, sugua kutu, tumia tena, kwani vipya mara nyingi havilingani na mfereji.

Mto nao. Kama ndani kuna sponji ya mpira ya zamani inayomong'onyoka kama biskuti, haiponi. Nunua ya uzito wa kilo 35 kwa mita ya ujazo, na usiamini neno "high density" lililoandikwa kwa kalamu juu ya nailoni. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene 10, ukipeleke kwenye mizani ya muuza sukari. Kinatakiwa kukaribia gramu 875. Kikija gramu 500 umeuziwa ya kufungia televisheni. Kitambaa cha zamani, hata kama kimechanika, kitunze kipande cha kiganja chenye lebo.

Bolti ya M6 inaingia nusu kwenye fremu ya kiti cha chuma halafu inagoma. Nilazimishe? (Fundi, Katwe)

La. Tundu hilo ni la robo inchi, uzi wa Whitworth, nyuzi 20 kwa inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na hatua ya uzi wake ni milimita 1.27. M6 ina milimita 6 na hatua ya 1. Mizunguko miwili mitatu itakubali, kisha zitakulana. Ukikuta bolti ya zamani, hata yenye kutu, nenda nayo mfukoni kwa wauza vipuri vya mashine za zamani ukaijaribishe kwenye nati.

Hili pia ni kipimo cha umri. Kiti kinachodaiwa kuwa cha Uingereza cha miaka ya 1930 lakini kimefungwa kote kwa bolti za milimita kimefanyiwa ukarabati, au kimezaliwa juzi. Skrubu za kichwa cha msalaba aina ya Pozidriv ni za miaka ya 1960 na kuendelea.

Taa ya mezani yenye springi tatu, imeandikwa Herbert Terry & Sons, Redditch. Inapiga shoti kidogo nikiishika. (Msomaji, Entebbe)

Chomoa sasa hivi, soma baadaye.

Una Anglepoise. George Carwardine, mhandisi wa springi za magari, alipata hataza yake 1932, na ile ya nyumbani, modeli 1227, ikatoka 1935. Kitako cha ngazi tatu ni cha mwanzo, cha ngazi mbili ni cha baadaye kidogo. Ofisi za serikali za zamani zilikuwa nazo, na bado zinaibuka kwenye lundo la vyuma.

Shoti inatokana na waya wa nyuzi mbili uliofunikwa kwa mpira na kitambaa. Mpira umekauka, shaba inagusa mkono wa chuma, na taa nzima haina waya wa ardhi. Badilisha kwa waya wa nyuzi tatu wa milimita za mraba 0.75. Waya wa ardhi uukaze kwenye kitako kwa skrubu yenye washa (kile kipete cha chuma), mahali palipokwanguliwa rangi, kisha mwingine uende kwenye kishikio cha balbu, kwa sababu viungo vyenye grisi na rangi havipitishi umeme kwa uhakika. Waya wa moto ndio upite kwenye swichi. Plagi iwe na fyuzi ya ampea 3. Ile ya 13 iliyokuja na plagi itaacha waya uungue kwanza. Weka balbu ya LED ya wati 5 hadi 7. Balbu nzito itaangusha mkono, kwani springi zimepimwa kwa uzito wa kofia na balbu ya kawaida, na mtu akikuwekea springi kali zaidi, taa itasimama wima kama askari na haitashuka tena. Springi usizipake oili, hudaka vumbi zikaanza kulia.

Waya wa zamani uviringe, uufungie kwenye mfuko, uandike tarehe uliyoutoa.

Nina taipureta ya Olivetti Lettera 32. Je, ina thamani? Baadhi ya herufi hazirudi. (Msomaji, Arua)

Thamani ya pesa ni ndogo, kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno. Thamani ya ubunifu ni kubwa. Ni kazi ya Marcello Nizzoli ya 1963, mdogo wa Lettera 22 ya 1950 iliyopata tuzo ya Compasso d'Oro 1954. Valentine nyekundu ya Ettore Sottsass na Perry King ya 1969, inayowapagawisha wakusanyaji, ndani ina mashine hiyohiyo yako.

Herufi zinagoma kwa sababu mtu alitia oili. Safisha ule upinde wenye mifereji ambamo mikono ya herufi inalala, kwa mswaki na terafini nyepesi, taipureta ikiwa imelalia mgongo ili uchafu usidondokee ndani. Usitie oili tena hapo. Utepe ni wa upana wa nusu inchi. Ukikosa gurudumu lake, viringisha utepe mpya kwenye magurudumu ya zamani, usiyatupe kamwe.

Shule yetu inatupa viti vya plastiki vyenye miguu ya chuma, chini vimeandikwa hille. (Mwalimu, Mbale)

Mwalimu, weka kando vilivyo vizima. Ni Polyprop ya Robin Day, 1963, miongoni mwa viti vya kwanza vya kumiminwa kwa polipropilini vilivyouzwa kwa wingi duniani. Si adimu, ila ni kipande halali cha historia. Vilivyokaa juani uso wake umekuwa kama chaki, na plastiki hiyo imekufa, hakuna polishi itakayoiokoa. Kagua vibonge vinne vya chini vinavyoshika skrubu za miguu. Kikipasuka kimoja, kiti hakikaliwi tena, lakini fremu yake itafaa kwa kingine.

Meza yangu ya mkangazi inatoa unga. Jirani anasema nipake oili chafu ya gari. (Msomaji, Masaka)

Oili chafu itakuachia meza yenye doa la milele na harufu ya gereji, na wadudu watabaki ndani.

Kwanza jua ni nani. Unga laini kama wa ngano na matundu ya milimita moja au mbili ni bungua, anayekula mbao nyeupe ya nje kwa ajili ya wanga uliomo na kuacha kiini. Vipunje vigumu vyenye pande sita, kama mbegu ndogo, ni mchwa wa mbao kavu. Hao wana ukoo mzima ndani. Kisha ujue kama bado wapo. Funika matundu kwa nta, tandika karatasi nyeupe chini, ngoja wiki mbili. Unga wa zamani hutoka kila ukisogeza meza, na watu hupulizia sumu mabungua waliokufa enzi za Obote wa kwanza.

Wakiwa hai, na kitu ni kidogo, baridi hushinda sumu. Fungia kwenye nailoni nzito, sukuma hewa itoke, ziba kwa utepe, weka kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Mwenye duka la samaki anaweza kukukodisha nafasi. Ukitoa, usifungue nailoni kwa saa ishirini na nne, ili unyevu ugande nje ya nailoni, si juu ya mbao. Meza kubwa ipakwe dawa ya borati, lakini ya maji hupenya kwenye mbao tupu tu, hivyo paka chini na ndani ambako hakuna vanishi. Njia ya kufungia kitu kwenye nailoni nyeusi na kukianika juani ili joto liue wadudu, tunaikubali kwa mbao kamili. Kwa vinia, gundi italainika na utaokota vipande.

Kuna mnada wa vifaa vya idara moja. Na rafiki aliye London anataka nimtumie seti ya mvule. Tahadhari? (Msomaji, Ntinda)

Mali ya umma huuzwa chini ya sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya 2003. Ukinunua, usiondoke bila risiti, orodha ya fungu lako na hati ya kutolea mzigo getini, na namba iliyo kwenye chapa ya kiti ionekane kwenye karatasi. Chapa ya serikali bila karatasi humfanya mnunuzi mwaminifu aonekane mwizi miaka kumi baadaye. Yaliyowapata watu wa mji wa Chandigarh, India, yanatosha kututisha. Viti vya msaji vya ofisi zake, kazi ya mbunifu Pierre Jeanneret, viliuzwa kama kuni na vyuma chakavu, vikafika kwenye minada ya Ulaya kwa bei za nyumba, na sasa soko limejaa vya bandia vyenye herufi zilizochorwa upya. Herufi za kweli zimechakaa pamoja na mbao, na mikwaruzo inapita juu yake. Za bandia huingia ndani ya mikwaruzo.

Kabla ya kutuma, pata barua ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kuhusu kitu hicho. Kasha la kufungia, kama ni la mbao za kawaida, lazima liwe na muhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, wa kuonyesha limepashwa nyuzi 56 kwa nusu saa. Kasha la plaiwudi halihitaji, na ni jepesi. Mwambie rafiki yako kwamba mvule uliozoea hewa ya Kampala utasinyaa kwenye nyumba yenye hita. Asiweke karibu na hita mwaka wa kwanza, na asione ajabu juu ya meza kupata ufa wa uzi. Meza ambayo uso wake umegandishwa kwa gundi kwenye fremu, bila nafasi ya kupumua, itapasuka kweli. Hiyo usiitume.

Ukilazimika kuitenganisha seti kwa safari, kila kiungo kipe namba kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi. Si kwa kalamu juu ya mbao, na si kwa utepe wa kunata, ambao ukibanduliwa huondoka na shelaki. Skrubu za kila kiti zikae kwenye bahasha yake, na bahasha ifungwe kwenye kiti hichohicho.